Tuiteni Kiangazi, na Makwanja Yetu

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa wenzetu wa Tanga haina neno, masika ndiyo kwanza yanachanganya. Huku Mbeya mvua ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba, na Aprili ndiyo zinaaga. Mche unaotiwa ardhini siku hiyo unapata unyevu wa wiki chache, halafu baridi ya Juni (kule juu na sakitu), halafu jua na upepo mpaka Novemba nyingine. Hapo tunabahatisha tu.

Mwaka huu nilijitolea tena na kikundi cha mtaani, kwenye miteremko ya mlima Loleza, hapa Mbeya. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba hazikuchelewa, fulana zikagawiwa, zote saizi ya mtu mnene. Tulipoanza kuchimba jua lilishakuwa utosini na kila mtu anawahi picha. Kijana mmoja akatumbukiza mche na kiriba chake. Mama aliyekuwa pembeni, mkulima aliyekuja na jembe lake mwenyewe, akamshika mkono: “Mwanangu, umeuzika na sanda. Toa hiyo nailoni.” Akachana kiriba kwa wembe, akalishika bonge la udongo kwa viganja viwili lisimeguke, akalishusha mpaka shingo ya mche ikalingana na ardhi. Akashindilia kwa kisigino kuzunguka shina, kisha akatandaza nyasi kavu. Hakuna aliyempiga picha.

Lakini hata mche wa mama yule hauna ubavu mbele ya moto. Nyasi zinazonepa sasa zitakuwa zimekauka ifikapo Agosti. Mmoja anachoma apate majani mabichi ya mifugo, mwingine anasafisha shamba, mwingine anawinda panya, na upepo unaupandisha moto mlimani. Mche wa miezi michache hauna gome la kuhimili. Wenye misindano (mipaini) kule Mufindi wanalijua hilo, ndiyo maana wanahangaika na barabara za moto, vile vichochoro vilivyofyekwa ili moto ukose cha kula. Wao wana mali ya kulinda. Sisi wa kujitolea tukishavua fulana tunaona kazi imekwisha.

Kwa hiyo mimi naomba hivi. Kupanda kuhamie Desemba au Januari, mvua zikishatulia. Najua ndio wakati wa mahindi na kila mtu yuko shambani, ila Jumamosi moja asubuhi haimfilisi mtu. Halafu Juni na Julai, kabla nyasi hazijawa kiberiti, mtuite tena na makwanja na majembe: tupalilie, tufyeke barabara za moto, tuone miche ipi imekufa. Kazi hiyo inachosha na haina mgeni rasmi.

Na kwenye chemchemi msituletee mikaratusi, inayofyonza maji, kwa sababu tu kitalu kilikuwa nayo ya ziada. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za chanzo cha maji shughuli za kudumu za watu au zinazoweza kukiharibu. Ukipanda hapo, panda mivengi, miti ya asili ya kando ya maji.

Wenye ng'ombe nao waitwe, tena mapema, kwenye kikao cha kupanga, si siku ya kukaripiwa. Tukikata barabara ya moto bila kuwauliza tutaikata mahali pasipofaa, maana wao ndio wanaojua moto huanzia bonde lipi.