Mto Mirongo: tuwaulize wadudu au maabara?

Sampuli iliyochotwa Mto Mirongo, jijini Mwanza, Jumatatu asubuhi inasimulia Jumatatu asubuhi tu. Mtu akitapisha choo usiku wa mvua, uchafu utakuwa umeshafika ziwani kabla maabara haijafunguliwa. Wadudu wa chini ya mawe hawana pa kukimbilia, na hapo ndipo wanaotaka maji yapimwe kwa viumbe wanapopata nguvu.

Wadudu wachanga wenye mikia mitatu hutoweka oksijeni inapopungua. Minyoo myekundu ya matopeni na mabuu ya visubi huneemeka, kwa kuwa damu yao ina hemoglobini inayoshika hata oksijeni kidogo. Ukiangalia nani yupo na nani hayupo, unaupa mto alama. Tanzania ina mfumo wake, TARISS, uliochapishwa 2015 ukitokana na ule wa Afrika Kusini. Wavu, beseni na macho yaliyozoezwa vinatosha. Hata sekondari ya kata inamudu.

Shida ni kwamba TARISS ni ya mito. Ufukweni mambo hubadilika: visubi wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria si ushahidi wa uchafu, ni wenyeji. Samaki nao ni mashahidi wenye utata. Furu, samaki wadogo wa ziwa hili, waliporomoka Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, lakini sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alikuwa akiwala. Ni wangapi waliondolewa na maji mabovu, na wangapi na meno? Hesabu hiyo haitenganishwi kirahisi.

Tena mdudu anaonyesha kuwa mto unaumwa, hataji ugonjwa. Hatakwambia kuna vimelea vya kipindupindu, wala zebaki kiasi gani. Warsaw, Polandi, kombe hai waliofungiwa vihisio hulinda maji ya jiji: wakifunga magamba kwa pamoja, kengele inalia. Lakini kilichoingia majini bado hutafutwa kwa vipimo vingine.

Kwa hiyo mimi ningewapa wadudu Mirongo, bomba nikaliacha kwa maabara. Tahadhari ni masika: mafuriko huwasomba wadudu hata mto ukiwa safi, basi kipimo kingoje maji yatulie. Na mto safi wa kulinganishia alama utafutwe nje ya jiji, maana huku vilimani nako nyumba zimeshapanda.