Shusha Feda

Mimi sikuajiriwa kusema. Niliajiriwa kupokea pesa. Redio yetu, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani katika nyumba ya mawe hapa Lamu, kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya kale, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Ukuta wa matumbawe ni mnene, kelele za nje hazipenyi. Lakini ukisema ndani, sauti inakurudia kama umeinamia kisima. Kwa hivyo tulitundika leso na magodoro ya sufi kila upande kuuvunja mwangwi. Mgeni akiingia alidhani pana arusi.

Mali yangu ilikuwa meza ya mlangoni, kisanduku cha bati na daftari. Salamu shilingi 50. Tangazo la punda aliyepotea 200. Tanzia bure. Tena palikuwa na salamu za wale wasiotaka kutajwa. Hewani husomwa "kutoka kwa msiri wako", lakini daftarini jina lazima liandikwe, lake na la babake na la ukoo, maana meneja wetu hajapata kukubali risiti ya msiri.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, mtangazaji wa salamu alishikwa na tumbo. Viazi karai hivyo, tusiseme vya nani. Fundi mitambo, kijana wa bara mwenye haraka zake, akanivuta kwenye kiti cha maiki.

"Rahisi, bwana. Soma hizi salamu, kisha nyimbo zimepangwa kwenye kompyuta, zitajicheza zenyewe. Mimi nashuka mtaa wa Langoni kutafuta fyuzi."

Alipofika mlangoni akageuka. "Jambo moja tu. Ukimaliza kusema, shusha feda. Tafadhali usiache feda wazi."

Sasa, sisi watu wa pwani dh yetu ni dh. Tunajua huko bara ulimi humteleza mtu, mmoja akasema feza, mwingine fetha, na hatuwacheki, angalau si mbele yao. Huyu akasema feda. Nikamsamehe. Nikamwona hata ana malezi, mgeni kuja kulijali sanduku la watu namna ile.

Salamu nilizisoma vizuri, wallahi. Nikamaliza, taarabu ikaanza, nikavua hedifoni kwa sababu zilikuwa zinanivunja kofia, na kofia ile ilishonwa kwa mkono kwa miezi. Kisha nikatii agizo. Nikachukua kisanduku mezani, nikakishusha sakafuni, nikakifunika kwa leso. Fedha imeshuka na haiko wazi.

Taa nyekundu ya ukutani ikabaki inawaka. Spika za studio nazo kimya, wimbo siusikii. Nikasema, ahaa, ndiyo maana anatafuta fyuzi.

Leo nalijua jambo hili kama Alhamdu. Maiki ikiwa wazi, spika za mle chumbani hujizima kwa makusudi, ili sauti isitoke kwenye spika ikaingia kwenye maiki, ikatoka tena, ikaingia tena. Kimya kile kilikuwa kinanionya. Mimi nilikiona ni utulivu, na utulivu wangu mimi huwa naufanyia hesabu.

Nikakitoa kisanduku chini ya leso na kufungua daftari. Tena nina ila moja tangu chuoni: siwezi kuhesabu kimoyomoyo.

"Shilingi mia, mia na hamsini... Huyu wa punda mweupe amelipa mia, bado mia. Huyu wa punda kilema hajalipa tangu mfungo wa Ramadhani, na punda ameshapatikana, ameshauzwa! Mwenye duka la vitambaa, salamu sita, hajalipa hata moja, na huku ana meno ya dhahabu..."

Mbele yangu, kwenye mtambo, palikuwa na vijitaa vilivyopangana kama ngazi. Kila nikitaja hesabu vinapanda, kijani, kijani, njano. Nikinyamaza vinashuka. Nikafurahi sana. Nilidhani mashine inanisaidia kujumlisha. Kumbe ndiyo mizani ya sauti, na nilipofika kwa mwenye meno ya dhahabu niligonga nyekundu, pale ambapo sauti hupasuka ikakwaruza masikio ya watu.

Kisha nikafika safu ya wasiri.

"Hamsini. 'Kwa yule wa dirisha la kijani, msiri wako hajalala.' Amelipa..." Nikalitaja jina. Lake, la babake, la ukoo. Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Na mkewe amejifungua juzi tu."

Simu ikalia. Mamangu. Mikono imejaa sarafu, nikaiweka mezani mbele ya maiki, nikafungua spika ya simu.

"Mwanangu, funga kanwa! Uko redioni!"

"Naam mama, niko redioni. Si ndiko nifanyako kazi?"

"Siyo kazini! Redioni! Nakusikia!"

"Nami nakusikia, mama."

"Muyi mzima wakusikia!" Kisha, badala ya kukata, mamangu akakumbuka lililomuuma. "Na yule naye, hana haya! Mke hata arubaini hajatoka, mume yuko madirishani? Nilimwambia mamake zamani..."

Akasita. "Mbona najisikia mwenyewe?"

Kwa sababu redio yake ilikuwa kando yake, imefunguliwa mpaka mwisho. Sauti yake ikatoka kwenye simu yangu, ikaingia kwenye maiki, ikapanda mlingoti, ikashuka kwenye redio yake, ikaingia kwenye simu yake, ikanirudia. Kila mzunguko ikirudi na nguvu zaidi. Umewahi kumsikia mtangazaji akimwambia aliyepiga simu "punguza sauti ya redio yako kwanza"? Sababu ndiyo hiyo. Sisi hatukupunguziana. Kwanza ukatoka mvumo, kisha mluzi, kisha kitu kama nyuki elfu ndani ya birika la bati. Punda aliyefungwa chini ya dirisha akauitikia, na wa mtaa wa Mkomani wakampokea.

Fundi alituambia baadaye kwamba alisikia yote dukani, fyuzi mkononi, na muuzaji akimuuliza hicho ni kipindi gani kipya kitamu. Alikimbia. Lakini Lamu huwezi kukimbia. Kwenye kichochoro cha kwanza alikutana na punda watatu wa mawe ya kujengea, na punda wa mawe hampishi mtu.

Aliingia ametota jasho. Hakusema nami. Alinyoosha kidole kimoja kwenye kidude cha kuteleza chini ya neno MAIKI, akakivuta mpaka chini. Kumbe hicho ndicho feda, "fader" ya Kiingereza. Taa nyekundu ikazima. Spika zikafufuka, taarabu ikajaa chumba, wimbo wa tatu huo.

"Nilikwambia ushushe feda!"

"Nimeshusha," nikamwonyesha leso sakafuni. "Nikaipandisha tena kuihesabu tu."

Akalitazama sanduku. Akanitazama. Akaketi juu ya godoro la sufi, akafunika uso.

Sikutoka mle ndani mpaka magharibi. Msiri alikuwa chini ananingoja na nduguze. Lakini hakuweza kupanda ngazi, kwa sababu ngazi ilikuwa imejaa watu. Wa punda mweupe alikuja na mia yake. Wa punda kilema alilipa yote na kusisitiza kwamba punda hakuuzwa, alipewa shemeji. Mwenye duka la vitambaa alileta mia tatu taslimu na kufumba mdomo wakati wote, meno yasionekane. Kila mmoja alitaka jambo moja: itangazwe hewani kwamba amelipa.

Fundi alibandika karatasi juu ya feda: HII SI PESA. Meneja hakunifukuza. Alizihesabu zile noti mara mbili, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwisho wa mwezi naweza kusahau tena.