Mgeni Rasmi Kavikwa Skafu, Mwenye Sherehe Kapewa Sinia

Nimerudi Dar juzi usiku na hasira bado haijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Dada yangu ameolewa Kibosho. Binti yake, yuko kidato cha tatu, amefaulu majaribio yote ya skauti ya ngazi yake, wa kwanza katika kundi la shule yao, na ukoo ukaona jambo hilo lisipite kimyakimya. Grupu la WhatsApp likafunguliwa, kamati ikaundwa, mhazini akapatikana kabla hata ya mwenyekiti. Mimi mjomba nikachanga, nikakata tiketi, nikapanda basi. Chalinze, Segera, Korogwe, Same. Nimeshuka Moshi magoti yamekufa ganzi, mkononi mfuko wa machungwa niliyouziwa dirishani kwa bei ya mtu asiyejua kupatana.

Nafika nakuta maturubai, viti vya kukodi, MC, na spika zilizoshindana urefu na migomba. Hapo sina neno. Wachagga hawana mzaha na sherehe. Ratiba ilipoanza ndipo nilipotamani kurudi stendi.

Mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa hukohuko ambaye simtaji, alichelewa saa mbili. Alipoteremka garini MC akapayuka: "Sasa skauti wetu atamvika skafu mgeni rasmi!" Binti, mwenye sherehe yake, akainuliwa kutoka kwenye kiti chake cha mbele, akakabidhiwa skafu. Mgeni ni mrefu na kuinama hakuona sababu, kwa hiyo mtoto akasimama kwa ncha za vidole mpaka akaifikisha shingoni. Akapiga saluti yake ya vidole vitatu. Vigelegele. Mgeni akakaa. Alikaa wapi? Kwenye kile kiti kilichoachwa wazi.

Mtoto akapewa sinia la soda.

Kwa waliosoma haraka: mtu ambaye tumesafiri kutoka Dar, Arusha na Tanga kuja kumpongeza, alizunguka kwenye maturubai akiuliza nani Fanta, nani Sprite, huku mgeni rasmi akieleza kwa dakika arobaini habari za barabara. Jina la binti alilitaja mara moja, tena alilikosea.

Nimekuwa nikijiuliza njia nzima tumefikaje hapa, na naona jibu liko shingoni mwa yule bwana. Nchi hii skauti tunamjua kama mtu wa kuvika watu skafu. Mwenge ukija, skauti na skafu. Zahanati ikifunguliwa, skauti na skafu. Kiongozi akitua uwanja wa ndege, mtoto kasimamishwa juani tangu asubuhi na skafu. Muulize mtu mzima yeyote skauti wanafanya nini, atakujibu wanavika skafu na kushika kamba watu wasisogee. Yaani tumechukua watoto wanaojifunza kusoma ramani, kuokoa mtu aliyezirai na kulala porini, tukawafanya mapambo ya jukwaa. Ndiyo maana huyu binti hakuna aliyemwonea ajabu kumvika mtu skafu kwenye sherehe yake. Kwa macho yetu alikuwa kazini.

Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha skauti, alipowapeleka wavulana wa kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 walifundishwa kufuata nyayo na kupika nje. Na mwaka 1909 wasichana walijitokeza kwenye mkutano wa maskauti pale Crystal Palace, London, bila kualikwa na mtu, wakadai na wao ni skauti. Bila kualikwa! Wetu kaalikwa kwake mwenyewe, bado akapewa sinia. (Na nyie mtakaokuja na "skauti ni mambo ya wakoloni": na mpira je?)

Sasa nije kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, mvua imepiga siku tatu mfululizo, kuni zimelowa. Wanaume kama saba tumeuzunguka moto unaotoa moshi tu, kila mmoja fundi. Binti akapita na sinia lake, akasimama, akaangalia, akasema taratibu: "Baba mkubwa, ardhi ni mbichi, inanyonya joto. Tutandike vijiti kwanza chini, halafu hizo kuni tuzipasue, katikati ni kavu." Baba mkubwa akamjibu: "Mama, mgeni hana soda."

Kilichofuata ni mafuta ya taa. Nusu lita, kwa makadirio yangu. Ndafu ilipofika mezani, imesimama na majani mdomoni kama kawaida, mgeni rasmi akakata, akalishwa, na nikaona sura yake ikibadilika akitafuta namna ya kumeza. Hiyo ndiyo dakika pekee niliyoifurahia siku nzima.

Zawadi zikafuata: bahasha, kanga, na kutoka kwa shangazi mmoja, seti ya masufuria "ya kuanzia maisha." Ana miaka kumi na sita. Mzee mwingine akauliza kwenye maikrofoni kama hiyo skauti inaingia kwenye cheti cha kidato cha nne. Watu wakacheka.

Nitakubali moja, shingo upande: mgeni rasmi alitoa laki mbili taslimu na kuahidi mahema kwa ajili ya kundi la shule. Mahema yakija nitaandika hapahapa kwamba yamekuja. Dada naye ananiambia bila mgeni rasmi nusu ya ukoo wasingetokea. Labda. Lakini hiyo nayo inasema nini kuhusu sisi?

Usiku maturubai yameshashushwa, nikamkuta binti jikoni kwa nje anasugua sufuria la supu kwa majivu. Nikachukua kitambaa, nikawa napangusa. Nikamuuliza siku ile ya majaribio kigumu kilikuwa nini. Akaniangalia kwanza, kama anayepima iwapo nauliza kweli.

Kigumu kilikuwa moto. Njiti mbili tu za kiberiti, mvua inanyesha, na msimamizi anaangalia saa. Ya kwanza ilizimika. Ya pili hakuiwasha mpaka alipokuwa amechonga kijiti kimoja kikawa na manyoya kama kuku, "dakika ishirini, mjomba, wenzangu wananiambia washa, mimi nachonga tu." Akanionyesha kwa kisu cha jikoni na kipande cha kuni, manyoya membamba yanajikunja bila kukatika. Kisha akaniambia kaburi la Baden-Powell liko Nyeri, hapo Kenya tu, na limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njia inayosema nimekwenda nyumbani. Angependa kulifikia kabla hajamaliza shule. Maji ya kuoshea yalipoa tukayachemsha tena. Moto aliuwasha yeye.

Leo asubuhi grupu limefunguliwa tena, safari hii kipaimara cha mdogo wake, na ajenda ya kwanza ni mgeni rasmi. Nikaandika: mgeni rasmi awe mtoto mwenyewe, na kiti chake kisikaliwe na mtu. Watu arobaini na mmoja wamesoma. Aliyejibu ni mhazini peke yake, katuma namba ya kutumia mchango.