Mjomba, Inakwama
Miye fundi baiskeli, Chake Chake. Baiskeli! Bastola niliyopata kushika ni ile ya fataki, sikukuu, kiwanjani Tibirinzi, na hiyo nayo mama alininyang'anya. Sasa mpwa wangu aliyehamia Houston kanunua bastola mpya, inakwama. Anampigia nani? Mjomba. Tena saa nane za usiku, maana kwao ndiyo kwanza saa kumi na mbili za jioni, mtu katoka kazini.

"Shikamoo mjomba. Inapiga mbili, ya tatu inagoma."

Yakhe, ningejibu marahaba nikakata simu. Lakini fundi ana maradhi yake: mtajie kitu kinachokwama, usingizi unaruka. Toa magazini kwanza, nikamwambia, na uhakikishe hamna risasi ndani, nisije nikasikia mlio hapa. Umeisafisha? Hajaisafisha, ati mpya! Kwani friwili mpya haiji na grisi ya kiwandani? Ipanguse, itie mafuta kidogo.

Usiku wa pili, saa nane. Kaisafisha, inakwama vilevile. Ganda tupu halitoki, linabanwa pale dirishani limesimama wima kama mshumaa. Risasi gani unatia? Ana zile za ghali, zenye tundu puani, muuzaji kazisifia. Tia za pua ya mviringo, nikamwambia, zinateleza, hazinasi mlangoni. Mke wangu kachukua mto wake kahamia kwa watoto.

Usiku wa tatu: afadhali, lakini bado. Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza mwanzo. Unaishikaje?

"Kwa upole, mjomba. Naiogopa."

Ala! Kumbe kile kipande cha juu husukumwa nyuma na nguvu ya risasi yenyewe, kikatema ganda, springi ikakirudisha mbele na risasi nyingine. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja nacho, hakifiki mwisho. Ni kama kupiga pampu na mwenzako kaishikilia kwa vidole viwili.

"Kaza mkono!" nikapiga ukelele. "Usiiogope bastola! Kamata barabara, piga risasi 50, halafu unipigie!"

Nimesahau kwamba na jirani tuna ukuta mmoja.

Asubuhi saa mbili sheha kasimama bandani kwangu na wazee wawili, hata kiti hawakutaka. Bastola iko wapi? Nikawaonyesha pampu, spana, tairi tatu za viraka. Nikaeleza Houston, mpwa, mkono legelege. Kila nikieleza, mzee mmoja anazidi kutikisa kichwa. Mwisho sheha akasema, "Basi mpigie, tumsikie."

Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Ikaita, ikaita, ikaita.

"Mjomba," sauti ikatoka kama mtu aliyefunikwa gunia, "ndiyo saa gani hizi za kupigia watu simu?"