Kufuli zinaweza kulegezwa, daftari halilegezwi

Chukua duka la jumla Kongowea, Mombasa, kaunta tatu na kompyuta moja inayotunza hesabu. Limebaki gunia moja la mchele wa pishori. Kaunta mbili zinaisoma hesabu hiyo ya gunia moja kwa wakati mmoja na zote zinauza: hesabu inasema sifuri, na wateja wawili wameshalipa. Dawa ya kwanza ni ya zamani. Edsger Dijkstra aliieleza semafori mwaka 1965: mchakato mmoja uingie, mingine ingoje. Ndiyo kufuli hiyo.

Wanaopenda kufuli wana hoja nzito: aliyeshika rekodi amalize kwanza, hakuna kubahatisha. Tabu inaanza kaunta moja ikishika mchele huku inangoja sukari, na nyingine imeshika sukari inangoja mchele. Zitakaa hivyo mpaka mfumo uvunje muamala mmoja, yaani kazi nzima ya mauzo inayokamilika yote au kufutwa yote. Upande wa pili unafuata njia ya H. T. Kung na John Robinson ya mwaka 1981: kila mtu afanye kazi yake bila kumfungia mwenzake, ukaguzi uwe mwishoni, aliyegongana arudie. Kwa kaunta tatu migongano ni michache, nami ningeichagua hii. Siku mbili kabla ya Idi, foleni nzima ikitaka tambi na sukari zile zile, ningerudi kwenye kufuli, maana kurudia kutachosha kuliko kungoja.

Sasa watetezi wa kasi huchomeka jambo jingine humo humo: kulegeza uandishi wa diskini. Hapo siwafuati. Msingi wa urejeshaji wa data baada ya ajali ni kwamba badiliko liandikwe katika daftari la matukio kabla data yenyewe haijaguswa diskini. Stima ikirudi, mfumo wa aina ya ARIES, ambao C. Mohan na wenzake waliuchapisha mwaka 1992, hulisoma daftari hilo, hurudia yaliyotendeka, kisha hutengua miamala ambayo haikukamilika. Lakini mfumo endeshi una mazoea ya kusema "nimeandika" wakati maandishi yangali kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika stima ikikatika. Amri ya fsync huyalazimisha yashuke, na inachukua muda.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, inakuruhusu usiingoje fsync kwa kila muamala. Ukichagua hivyo na kuiacha mipangilio mingine ilivyo, stima ikikatika unaweza kupoteza miamala ya hadi takriban sekunde 0.6 za mwisho, ila data iliyobaki itakuwa nzima. (Kuizima fsync yenyewe ni balaa kubwa zaidi, hapo data yote yaweza kuharibika.) Kwa kuhesabu watembeleaji wa tovuti, hasara hiyo si kitu. Kaunta ni kwingine: risiti imetoka, M-Pesa imeingia, mteja yuko kwenye tuktuk na gunia lake, na daftari halimjui.

Tena kasi yenyewe ni ya nini? Hata diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kila sekunde, na kila mzunguko ni nafasi ya kuandika. Kaunta tatu hazifiki hata miamala mitatu kwa sekunde. Na penye miamala mingi kweli, mifumo hii hukusanya kadhaa na kuiteremsha kwa fsync moja.