Mawe ya Lisbon: uzuri unaoteleza

Mwaka 1842 mkuu wa ngome ya São Jorge jijini Lisbon, Eusébio Furtado, aliwapa wafungwa wake mawe meupe na meusi, wakayapanga chini kwa mistari ya kwenda upogoupogo. Watu wa mji wakapanda kilima kwenda kutazama. Miaka 6 baadaye ikawa zamu ya uwanja wa Rossio, ukatandikwa mawimbi meusi kwa meupe kama bahari iliyotulizwa kwa nyundo. Kutoka hapo ufundi huo ukavuka maji: Copacabana kule Rio de Janeiro, Macau, na hata Maputo, jirani na sisi. Wareno wanauita ufundi huu wa kutandika mawe njiani calçada.

Mwaka 1842 ulikuwa wa kushangilia. Siku hizi calçada inagombewa. Mwaka 2014 halmashauri ya jiji ilipitisha mpango wa kuwarahisishia njia waendao kwa miguu. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kung'oa mawe haya katika baadhi ya maeneo, hasa nje ya mitaa ya kale, na kuweka sakafu laini zaidi. Wapo walioona roho ya mji inauzwa, na wapo waliosema afadhali.

Hao wa pili wasibezwe. Jiwe la chokaa, likikanyagwa na viatu miaka nenda miaka rudi, hung'aa hadi likawa kama kipande cha sabuni. Ongeza manyunyu ya mvua, ongeza miteremko ya Lisbon, mji uliojengwa juu ya vilima, kisha mweke hapo bibi mwenye fimbo na kikapu cha sokoni. Ureno ni nchi ya wazee: karibu mtu mmoja kati ya wanne ana miaka 65 au zaidi. Kwa mtu wa umri huo kuvunjika nyonga si jambo la kufunga bandeji na kurudi nyumbani. Na mwenye kiti cha magurudumu hahitaji hata mvua, maana jiwe moja lililong'oka latosha kumkwamisha. Anayesema uzuri ni uzuri tu na watu wavumilie, mara nyingi ana magoti mazima.

Lakini nikitazama kazi yenyewe inavyofanywa, napata shida kulilaumu jiwe. Fundi huketi juu ya kigoda, jiwe liko kiganjani mwa kushoto, nyundo iko mkono wa kulia. Analigonga mara mbili tatu, analigeuza, anautafuta uso wake, kisha analichomeka kando ya mwenzake juu ya kitanda cha mchanga, pengo likiwa jembamba mno. Maua na mawimbi hufuata kalibu iliyolazwa chini. Mwishoni yote hushindiliwa mpaka yakae sawa. Njia iliyotengenezwa hivyo hunyonya maji ya mvua, na bomba likipasuka chini yake mawe huondolewa na kurudishwa yaleyale. Zege likivunjwa ni kifusi.

Tatizo ni kwamba njia nyingi hazitengenezwi hivyo tena. Wanaofukua kupitisha nyaya na mabomba hurudisha mawe haraka haraka, mapengo yakiachwa mapana, au wanayajaza saruji na kuua ule uwezo wa kunyonya maji. Magari nayo hupandishwa juu ya njia za miguu, mawe yakalegea. Mwaka 1927 Lisbon ilikuwa na mafundi hawa takriban 400, na sasa wamebaki wachache mno. Jiji lilifungua shule ya kuwafundisha mwaka 1986, ila kijana wa kupiga magoti siku nzima juani kwa ujira mdogo hapatikani kirahisi. Sanamu ya shaba ya fundi akiwa kazini imewekwa mjini kwa heshima. Heshima ya mshahara ingemfaa zaidi.

Kwa hiyo nasimama wapi? Kwenye viwanja tambarare kama Rossio, na kwenye mitaa yenye michoro, mawe yabaki na yakarabatiwe na mikono inayojua. Kwenye miteremko mikali na mbele ya hospitali, usalama utangulie. Huko pawekwe ukanda laini wa kupita, au mawe ya chokaa yachanganywe na matale, yaani mawe ya graniti, ambayo hushika mguu vizuri zaidi. Jambo hili limeshafanywa kwenye baadhi ya mitaa ya Lisbon, na mji haujapoteza sura yake. Nisichokubali ni kung'oa kila mahali kwa kisingizio cha bibi mwenye fimbo, ilhali fedha za kumlipa fundi hazikutafutwa hata mara moja.

Mtaa wa Alfama una sura ya mwimbaji Amália Rodrigues iliyotengenezwa kwa mawe hayohayo mwaka 2015, kazi ya msanii Vhils pamoja na mafundi wa jiji. Mawe yanaanzia chini barabarani yanapanda ukutani, na mvua ikinyesha maji humtiririka usoni kama machozi.