Seli za mpwa wangu hazijalala

Mwishoni mwa mwaka jana dada yangu alinipigia simu usiku akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwenye sauti yake tangu mwanawe alipopimwa. "Kaka," akasema, "kumbe seli shina za mtoto zimelala tu. Kuna unga wa kuziamsha." Boksi la vipakiti 30 shilingi 250,000. Alikuwa ameshanunua mawili, kwa fedha za kikoba.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimefundisha kidato cha tano na sita kwa miaka 14, na usiku ule nilishindwa kumjibu. Jibu nililijua, lakini nililijua kwa Kiingereza, kwa yale maneno ya ubaoni ambayo wanafunzi wangu huyakariri wakayamwage kwenye mtihani. Nilipojaribu kumweleza dada yangu kwa lugha tuliyolelewa nayo, nikawa naokota neno moja moja kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akaniambia wasomi tumezoea kukataa kila kitu, akakata simu. Jambo hilo limenikaa rohoni. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyopaswa kumwambia, na nayaandika hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake aliyeletewa boksi mlangoni.

Mpwa wangu ana miaka minane na ana ugonjwa wa Duchenne, ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka. Alipokuwa na miaka minne watu walimsifia vigimbi. Vilikuwa vikubwa, vigumu, wajomba tukasema huyu atacheza mpira. Hatukujua kwamba ukubwa ule si nguvu, ni mafuta na makovu yanayochukua nafasi ya msuli. Kisha tukaanza kumwona akiinuka sakafuni kwa namna ya ajabu: anageuka kifudifudi, anainua makalio, halafu anajikwea mwenyewe, mikono ikishika magoti, kisha mapaja, mpaka asimame. Daktari aliyemwona akifanya hivyo hata hakusubiri majibu ya damu ili kutuambia anachoshuku. Majibu yalipokuja, kipimo cha CK kilikuwa juu mno. CK ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya msuli; kikijaa kwenye damu, maana yake nyuzi za msuli zinachanika na kuvuja.

Muuza unga alimwambia dada yangu kitu ambacho nusu yake ni kweli, na ndiyo maana kilimwingia. Ni kweli mwili una seli shina za msuli, yaani seli za akiba. Ni kweli kwa mtu mzima mwenye afya seli hizo zimelala. Uongo uko kwenye nusu ya pili, na ili kuuona inabidi turudi nyuma sana, hadi kabla mtoto hajawa na mikono.

Katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe kiinitete, yaani mtoto katika siku zake za mwanzo tumboni, ni kidogo kuliko punje ya mchele, na seli zake nyingi bado hazina kazi. Seli ileile inaweza kuishia kuwa mfupa, neva, ngozi au damu. Katika siku hizo zinajipanga matabaka matatu. Seli za tabaka la kati, zile zilizo pande mbili za mahali utakapokaa uti wa mgongo, huanza kukatika vipande, jozi baada ya jozi, kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, kama mama anavyokata donge la unga wa maandazi. Vipande hivyo huitwa somiti. Kwa kuku jozi moja hukatika kila dakika 90, kwa mwendo usioyumba kiasi kwamba mtafiti hujua umri wa kiinitete kwa kuzihesabu. Kwa binadamu huanza karibu siku ya 20, na wiki ya tano ikiisha zimeshapita jozi 40.

Seli iliyo ndani ya somiti bado haijui itakuwa nini. Itaambiwa na majirani. Katikati, kwa chini, kuna kijiti laini kiitwacho notokodi kinachotoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Mrija wa neva ulio juu yake, pamoja na tabaka litakalokuwa ngozi, hutoa protini za ukoo wa Wnt. Kutoka ubavuni kunakuja protini nyingine, BMP, ambayo kazi yake hapo ni kuzuia, msuli usianze kabla ya saa yake. Seli iliyokaa mahali ujumbe huu unapokutana kwa kipimo chake ndiyo inayoshika njia ya msuli. Mwenzake aliye pembeni kidogo tu anakuwa pingili ya mgongo, ubavu, au sehemu ya ngozi ya mgongoni. Kila ninapolifundisha hili hunisisimua: seli mbili zenye jeni zilezile zinatengana maisha yote kwa sababu ya mahali zilipokaa asubuhi ile.

Ndani ya seli iliyochaguliwa, jeni zinawashwa kwa zamu. Kwanza Pax3 na Pax7, ambazo huifanya seli iwe mtarajiwa wa msuli huku ikiendelea kugawanyika. Halafu Myf5 na MyoD. Zikishawaka hizi, seli imekuwa mioblasti. Ukiitazama kwa darubini bado ni seli moja ya kawaida, haina mistari, haivuti, haisukumi. Ila imeshaamuliwa. Baadaye inawaka jeni ya miojenini, seli inaacha kugawanyika, inajipanga na wenzake, na zinaungana: kuta kati yao zinatoweka na unapatikana uzi mmoja mrefu wenye viini mamia ndani yake. Msuli wa paja lako umejengwa hivyo, kwa seli zilizokubali kuacha kuwa moja moja.

Watu walijuaje yote haya? Hapa nina jambo linalonipa fahari na ambalo sijawahi kuliona likitajwa katika darasa lolote la kwetu. Mwaka 1977 Constantinides, Jones na Gevers, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Stellenbosch huko Tygerberg, Afrika Kusini, walizipa seli za panya dawa iitwayo azasitidini. Seli hizo hazikuwa za msuli kabisa. Baada ya siku kadhaa, ndani ya sahani zikaonekana nyuzi za msuli zenye mistari. Baadaye ikaeleweka kwamba dawa ile huzuia DNA isiwekewe alama za kemikali ambazo hufunga jeni. Msuli ulikuwa umefungiwa ndani ya seli muda wote, kufuli ndilo lililoondolewa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Davis, Weintraub na Lassar kule Seattle, Marekani, waliitafuta jeni iliyokuwa nyuma ya kufuli hilo. Waliipata, wakaiita MyoD, na walipoiingiza peke yake katika seli za tishu unganishi, nyingi ziligeuka mioblasti. Jeni moja! Wakajaribu kwa seli za mafuta, za rangi ya ngozi, hata za ini na neva, na nazo zikaanza kutengeneza protini za msuli. Harold Weintraub alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 49 tu, lakini njia aliyoifungua ndiyo waliyoipita wengine mpaka kufika kwenye seli shina zinazotengenezwa maabara leo. Na mwili una tahadhari zake: panya aliyeondolewa MyoD alizaliwa na misuli, kwa kuwa Myf5 ilishika zamu. Mwaka 1993 walipowaondolea panya zote mbili, walizaliwa bila msuli wa mifupa, hawakuweza kupumua, wakafa.

Dada yangu angeniuliza: hayo yote yanahusiana nini na boksi langu?

Yanahusiana hivi. Si kila seli iliyoshika njia ya msuli huenda mpaka mwisho. Baadhi hubaki na Pax7 yao, zinajibanza kando ya uzi wa msuli chini ya utando wake, na kutulia humo. Alexander Mauro alizigundua mwaka 1961 kwa darubini ya elektroni kwenye msuli wa chura, akaziita seli za setilaiti. Ukiumia, ukichanika msuli kwa kubeba magunia, zinaamka, zinawasha MyoD, zinarudia hatua zilezile za kwenye kiinitete, zinaziba pengo, na baadhi zinarudi kulala. Hizi ndizo seli anazozungumzia muuza unga.

Kwa mtoto mwenye Duchenne hazilali. Jeni ya distrofini, iliyoko kwenye kromosomu X, imeharibika, na distrofini ndiyo inayoushika utando wa uzi usichanike msuli unapovuta. Bila hiyo, kukimbia kidogo tu, kushuka ngazi, kunachana nyuzi. Kwa hiyo seli za akiba zinaitwa leo, kesho, keshokutwa, mwaka mzima. Zinaamka, zinafanya kazi, zinaungana na uzi. Na kila moja inaingia na jeni ileile iliyoharibika, kwa sababu zote ni watoto wa yai moja. Uzi mpya unachanika kama ule wa zamani. Mwishowe kasi ya kuchanika inaishinda kasi ya kuziba, na mwili unajaza nafasi kwa makovu na mafuta. Vile vigimbi tulivyovisifia vilikuwa kiwanja cha ujenzi kisichofungwa usiku wala mchana.

Kumwambia mama wa mtoto huyu kwamba seli zimelala ni kuligeuza jambo juu chini. Na hata kama unga ule ungeweza kuziamsha zaidi, jambo ambalo silioni likifanywa na kitu kinachopita tumboni na kumeng'enywa kama ugali, zingeamka kwenda kujenga nini? Kosa liko kwenye ramani, siyo kwenye idadi ya mafundi.

Kuna waliojaribu kuleta mafundi wenye ramani nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari walichukua mioblasti kutoka kwa ndugu wenye afya wakawadunga watoto wa Duchenne. Kwa panya ilikuwa imeleta matumaini makubwa. Kwa watoto, nyingi ya seli zile zilikufa mapema, na zilizobaki hazikusogea mbali na njia ya sindano. Nguvu haikuongezeka.

Sababu mojawapo tunaweza kuielewa kwa kumtazama kware. Wengi wetu tunamkumbuka kwa upepo ule wa 2013 na 2014, mayai yake yalipouzwa kwa bei ya kuruka kwa madai kwamba yanatibu kila kitu. Ilhali kware alikuwa ameshatusaidia kwa njia ya kweli muda mrefu. Nicole Le Douarin, mtafiti wa Ufaransa, aliona kwamba kiini cha seli ya kware kina alama inayoonekana kwa darubini, kwa hiyo ukipandikiza kipande cha kware ndani ya kiinitete cha kuku unaweza kufuatilia kila seli ilikokwenda. Kwa mbinu hiyo, mwaka 1977, watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani walionyesha kwamba misuli ya mabawa na miguu haizaliwi huko. Seli zake husafiri kutoka kwenye somiti, pembeni mwa mgongo, zikiitwa na ujumbe unaotoka kwenye kiungo kinachochipua. Kwenye kiinitete barabara ziko wazi na wa kuita yupo. Kwenye paja la mtoto wa miaka minane, lililojaa makovu, hakuna anayeita.

Kilichomsaidia mpwa wangu mpaka sasa ni vitu ambavyo haviwekwi kwenye boksi la kung'aa. Predinisoloni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ambayo haiponyi ila huchelewesha siku ya kiti cha magurudumu, na ina madhara yake ambayo daktari anayafuatilia. Kupima moyo, maana nao ni msuli na nao unahitaji distrofini. Kunyoosha vifundo vya miguu kila siku. Ipo pia tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inayobeba distrofini iliyofupishwa, kwa bei ya dola milioni 3.2, na bado ina mjadala mzito kuhusu usalama wake na kiasi inachosaidia. Sitamdanganya dada yangu kwamba iko karibu.

Na kuna jingine nililopaswa kumwambia mapema. Ndugu wa mume walimnyooshea kidole kwamba ugonjwa umetoka upande wake. Karibu theluthi moja ya watoto hawa, mama hana kabisa jeni hiyo iliyoharibika. Kosa limetokea upya. Na hata mama aliye nayo hakuichagua, kama vile hakuna aliyechagua rangi ya macho yake.

Naamini kabisa kwamba kama ningekuwa nimelifundisha somo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka jikoni, muuza unga angekuta mlango umefungwa. Anayemwibia dada yangu ni yule muuzaji, lakini mimi na wenzangu tuliofungia elimu hii ndani ya lugha ya mtihani ndio tuliomwachia nafasi. Ninaomba walimu wenzangu wajaribu jambo hili wiki hii: wampigie simu mtu wa nyumbani ambaye hakusoma sayansi, wamweleze seli inavyokuwa msuli. Nilipomsomea dada yangu rasimu ya maandishi haya alinisimamisha mara sita, na kila aliponisimamisha ndipo niligundua kwamba sentensi ile hata mimi nilikuwa naikariri tu.

Boksi la pili alilirudisha. La kwanza lilikuwa limeshafunguliwa, fedha haikurudi. Siku hizi nauli ya bajaji kwenda mazoezi ya viungo kila Jumanne anaitoa mwenyewe, na mimi huja jioni za Jumamosi kumnyoosha mtoto. Nashika kisigino, nasukuma unyayo taratibu kuelekea kwenye goti, tunahesabu hadi 30 kwa kila mguu. Yeye huruka kutoka kumi na mbili hadi ishirini na nane akidhani sisikii, nami namrudisha kumi na tatu.